Njia Inakata Kabla ya Kichuguu

Naishi kwa kuandika kuta za watu:
DUKA LA NAMPOTO, HATUKOPESHI;
mzani na gunia kwenye ghala la ushirika;
mara moja jino, kubwa kama jembe,
kwa yule fundi wa meno aliyehamia Tandahimba
kabla hajamaliza kunilipa.
Rangi inayobaki kwenye makopo ni yangu.
Hiyo ndiyo ninayokwenda nayo ukingoni.

Ukingo wa Newala, pale nchi inapokatika
kama mkate uliomegwa na mtu mwenye haraka,
na chini yake bonde, na bonde tena,
mpaka Ruvuma, uzi wa bati,
na ng'ambo vilima vya Msumbiji
ambavyo asubuhi vipo, mchana havipo.
Miaka kumi na tisa nachora hapo hapo,
juu ya magunia ya korosho
niliyoyapaka gundi ya muhogo.
Mwanzoni panya walikula vilima viwili.

Mnunuzi alikuja kutoka Dar, viatu vyeupe.
"Simba hakuna?"
Hakuna.
"Hata twiga, kwa mbali?"
Nikamwambia kwa mbali kuna Msumbiji.
Akacheka, akanunua ming'oko kwa mtoto aliyepita,
akaondoka akila,
viatu vyake tayari vina rangi ya kwetu.

Mimi simba sijamwona.
Nimeiona salfa ya mwezi wa sita
ikitoka kwenye mashine migongoni mwa vijana,
ikilala juu ya mikorosho,
njano iliyokosa ujasiri,
na jua likipita ndani yake kama mgeni asiyebisha hodi.
Rangi hiyo sijaipata.
Nimechanganya njano na majivu,
njano na maziwa ya unga,
mwaka juzi njano na salfa yenyewe:
picha ikanuka wiki tatu,
Somoe, mke wangu, akahamia kwa dada yake.

Sijui kupenda mahali kunaanzia wapi.
Sikuamua. Ni kama kidole cha mguu:
unakikumbuka siku ya kujikwaa.

Siku yangu ilikuwa Binti Chilumba.
Alisimama nyuma yangu, mkono kiunoni,
akaitazama picha kama mtu anayehesabu chenji.
"Njia umeikosea," akasema.
"Haizunguki kichuguu. Inakata kabla."
Ni picha tu, mama.
"Nimeishuka njia hiyo na ndoo tangu sijavunja ungo,
saa tisa za usiku, bila taa,
nikaipanda ndoo imejaa.
Shingo yangu inajua inapokata."

Nikaenda kutazama.
Inakata kabla.
Miaka kumi na tisa nimekaa juu nikiangalia,
wala sijawahi kupita pale
na kitu kichwani.

Nikaifuta kwa mafuta ya taa, nikaichora upya,
nikaenda kumwita, akaja na unga mikononi.
"Hapo," akasema.
Sijasifiwa zaidi ya hapo.

Sasa bomba limefika, Mungu awalipe waliolileta.
Ndoo zinajaa uani, watu wanalala mpaka jogoo wa pili.
Njia imemezwa na majani,
msimu mmoja wa mvua ulitosha;
kichuguu nacho kimelala upande.
Picha iko kwa Binti Chilumba, juu ya pipa la maji.
Hakuilipia, sikuidai.
Wajukuu wanamuuliza ule mstari mwekundu ni nini.
"Ni shingo yangu," huwajibu,
nao hucheka, wakidhani bibi anatania.

Mwezi wa sita umeingia tena.
Nasikia vijana wakizijaribu mashine, zinakohoa, zinazima.
Kopo langu lina vidole viwili
vya njano iliyobaki kwenye ukuta wa posta.
Labda nikiongeza chokaa kidogo.
Labda udongo.